Kibarua cha Daktari: Namna ya Kutafuta Kazi ya Uchunguzi Baada ya Shahada Kuu

Hotuba ya Halmashauri ya Elimu ya chama chetu, iliyosomwa mbele ya wanachama na jamaa zao, Mji wa Kale, Mombasa.



Halmashauri imetakiwa iseme juu ya jambo ambalo zamani halikuwa shughuli ya chama cha wafanya kazi. Wanachama wengi wamefika ofisini kwetu kuuliza swali moja kwa maneno mbalimbali: "Mtoto wetu amesoma mpaka mwisho wa masomo. Ana udaktari. Lakini yuko nyumbani, au afundisha saa mbili tatu kwa juma bila kujua atalipwa lini. Aelekee wapi?"

Huenda mwenzetu mmoja akasema: Sisi ni watu wa shehena, wa karakana, wa hoteli na wa afisi. Vyuo vikuu vyatuhusu nini? Twamjibu hivi. Ada ya mtoto huyo ilitoka katika mshahara wa mtu wa shehena na mtu wa karakana. Mshahara ule haukuletwa na upepo wa kusi, ulipiganiwa. Ikiwa mavuno ya mshahara huo yaoza ghalani, basi hasara ni yetu. Tena, kama mtakavyosikia, kazi tunayoizungumza leo ni kazi ya mkataba mfupi, na hakuna watu wajuao mambo ya mkataba mfupi kuliko wafanya kazi wa Mombasa.

Kwanza tuelewane maneno. Daktari tunayemsema si daktari wa sindano. Ni mtu aliyechunguza jambo moja kwa miaka mitatu, minne au zaidi, akaandika kitabu juu yake, akahojiwa na wakubwa wa elimu hiyo, akapewa shahada ya udaktari wa falsafa. Mmoja atakuwa daktari wa samaki, mwingine wa zege na vyuma, mwingine wa umeme, mwingine wa dawa za malaria. Baada ya hapo, katika nchi nyingi, mtu atakaye kubaki katika uchunguzi hapewi kiti cha profesa moja kwa moja. Hufanya kwanza kazi ya miaka miwili au mitatu katika maabara ya mtu mwingine, ili aonyeshe kwamba aweza kuchunguza bila ya kushikwa mkono. Kazi hiyo watu wa vyuo huiita postidoki, maana yake kazi ya baada ya udaktari. Si masomo tena. Hakuna mtihani wala darasa. Ni kazi, na yapaswa kulipwa kama kazi.

Desturi hii si ya jana. Huko Marekani, mwaka 1919, Baraza la Taifa la Utafiti lilianza kutoa posho kwa madaktari vijana wa fizikia na kemia, kwa fedha za Rockefeller Foundation, ili wapate miaka ya kuchunguza tu. Likawa jambo zuri. Lakini vyuo vikazidi kutoa madaktari, na viti vya maprofesa havikuongezeka kwa kiasi hicho. Ngazi ikageuka kuwa sebule: watu wamekaa wangoja kuitwa. Wako waliofanya postidoki moja, ya pili na ya tatu, kila mara mkataba mpya na mji mpya.

Hapa wazee wetu watalijua jambo hili kwa jina lake. Ni kibarua. Neno lenyewe latokana na barua: kijikaratasi alichokishika mtu wa kazi ya siku. Katika bandari yetu maelfu ya watu waliishi hivyo. Leo yupo kazini, kesho hayupo. Ndiyo moja katika sababu zilizowatoa wafanya kazi wa kisiwa hiki tarehe 13 Januari 1947, watu wapatao 15,000, wakasimamisha kazi karibu majuma mawili. Chege Kibachia akawa kiongozi wa shirikisho lao la wafanya kazi Waafrika, na mwezi wa Agosti mwaka ule ule akakamatwa na kupelekwa mbali. Serikali ikalazimika kuunda baraza chini ya Jaji Thacker kuyatazama malalamiko, na kazi ya kutwa bandarini ikawa miongoni mwa mambo yaliyotazamwa. Twalikumbusha hili kwa sababu moja: mkataba mfupi si lazima uwe mkataba mbaya. Ubaya wake hutegemea ni nani aliyeuandika na ni nani aliyeusoma kabla ya kutia sahihi.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe: kazi hizi hupatikana wapi, na hutafutwa vipi?

Tuanze na nyumbani, maana mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Mtu akisimama Bandari ya Kale akatazama ng'ambo ya maji, upande wa Mkomani, yuko karibu na makao makuu ya Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, inayojulikana kwa herufi KMFRI, ambayo mizizi yake ni sheria ya mwaka 1979. Hapo huchunguzwa samaki, mikoko, mikondo ya maji na uchafu wa bahari. Meli yake, Mtafiti, ilikuwa meli ya Wabelgiji iliyoitwa Zeeleeuw, wakaitoa kuipa Kenya. Haikuja kwa bahati. Tangu miaka ya 1980 wachunguzi wa Mombasa na wa vyuo vya Ubelgiji walikuwa wakifanya kazi pamoja, wakiandika pamoja na kupeleka vijana kusoma. Kijana na alifahamu hilo: mlango wa Ulaya mara nyingi una kitasa chake hapa hapa kisiwani.

Kiko pia kituo cha CORDIO, ambacho kazi yake ilianza mwaka 1999, baada ya joto la bahari la mwaka 1998 kuyaua matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi. Kwenda kaskazini, Kilifi, kuna kituo cha utafiti wa maradhi cha KEMRI pamoja na Wellcome, kilichoanza mwaka 1989. Nairobi iko icipe, iliyoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo kuchunguza wadudu, na ILRI ya mifugo. Hivi viwili na kile cha Kilifi huajiri madaktari vijana kwa postidoki, na hutangaza nafasi hadharani katika tovuti zao. Unguja kuna WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari wa Magharibi ya Bahari ya Hindi, kilichoundwa mwaka 1993, ambacho kimekuwa kikitoa fedha za uchunguzi kwa watu wa pwani na visiwa vyetu. Na tangu mwaka 1978 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Taasisi ya Sayansi za Bahari huko huko Unguja. Kwa mtu wa bahari, kuijua Unguja ni nusu ya safari.

Wala tusikisahau chuo chetu cha Tudor. Wazee wakiita MIOME. Kilipokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1951, kikiwa chuo cha ufundi kwa Waislamu wa Afrika ya Mashariki. Mwaka 1966 kikageuzwa kuwa Mombasa Technical Institute, halafu Polytechnic, na mwaka 2013 kikawa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Mwana wa mji huu, marehemu Profesa Ali Mazrui, alikuwa karani hapo. Alisoma hotuba katika sherehe ya Maulidi, Gavana Philip Mitchell akiwapo akaisikia, na njia ya kwenda kusoma Uingereza ikafunguka. Mazrui hakuwa mtu wa maabara, elimu yake ilikuwa siasa, lakini funzo ni moja: hakuomba kwanza halafu akaonyesha kazi. Kazi ilisikika kwanza.

Sasa tutoke nje. Milango ya postidoki ni ya namna mbili, na kijana asiyezitenga namna hizi atapoteza mwaka mzima.

Namna ya kwanza ni nafasi ndani ya mradi wa mtu. Profesa amekwisha kupata fedha, ana kazi fulani, atafuta mtu wa kuifanya. Hutangaza katika tovuti ya chuo au katika magazeti ya sayansi. Hapa huendi na fikira yako. Waenda kujaza pengo lake. Soma tangazo neno kwa neno. Likitaka mtu ajuaye kupima kaboni katika matope, usimwandikie kwamba wajua mambo ya samaki na uko tayari kujifunza. Atapata barua mia moja, na wako watakaokuwa wakijua kupima matope.

Namna ya pili ni posho unayoiomba mwenyewe kwa fikira yako. Hapa watakiwa vitu viwili: mpango wa uchunguzi ulioandikwa vizuri, na mwenyeji, yaani profesa au mkuu wa maabara akubaliye kukupokea. Mfuko wa fedha ndio unaoamua. Tutaje michache.

Umoja wa Ulaya una posho ziitwazo Marie Skłodowska-Curie. Mtu wa taifa lolote aweza kuomba kwenda Ulaya, mradi ana udaktari na haijapita miaka 8 ya uchunguzi tangu aupate. Kuna sharti jingine liwapigalo vijana wetu bila kujua: katika miezi 36 kabla ya mwisho wa maombi, usiwe umekaa zaidi ya miezi 12 katika nchi ile unayotaka kwenda. Kwa hivyo kijana aliyefanya udaktari wake Ubelgiji na kukaa huko asiombe Ubelgiji mara tu amalizapo. Aombe Ureno, au Ujerumani, au kwingine. Aliyesoma Mombasa hana kizuizi hicho, na hiyo ni faida yake. Maombi kwa desturi hufungwa mwezi wa Septemba, na majibu huja karibu na Februari.

Ujerumani kuna Alexander von Humboldt Foundation. Kwa daktari mpya hutaka asiwe amepita miaka 4 tangu udaktari wake, na posho huwa ya miezi 6 hadi 24. Ujapani kuna JSPS. Hapo muda ni miaka 6, na mwombaji halisi ni mwenyeji wako Mjapani, ndiye akupelekaye jina. Huko Trieste, Italia, kuna kituo cha fizikia cha ICTP kilichoanzishwa mwaka 1964 na Abdus Salam wa Pakistan, ambaye mwaka 1983 alianzisha pia TWAS, chuo cha wanasayansi wa nchi zinazoendelea. TWAS kwa miaka mingi imepeleka madaktari wetu katika maabara za nchi za Kusini, kama India na Malaysia. Wako vijana wadharauo mlango huo kwa kuwa hauelekei Ulaya. Maabara nzuri haina kabila. Bahari ya India na bahari yetu ni moja, na majahazi yalijua hayo kabla ya vyuo.

Mmeona basi kwamba saa hutembea tangu siku ya shahada. Minne, sita, minane: kila mfuko una hesabu yake. Daktari akaaye nyumbani miaka mitano akingoja "mambo yatulie" amekwisha kufungiwa baadhi ya milango bila mtu kumwambia. Ushauri wetu ni kwamba kazi ya kutafuta ianze mwaka mmoja kabla ya kutoa tasnifu, wala si baada ya sherehe ya joho.

Tuseme sasa juu ya barua, maana barua mbaya ndiyo huua wengi. Vijana wengine hupeleka barua moja kwa maprofesa 200, mwanzo wake "Mheshimiwa Bwana au Bibi", na kusifu chuo kwa maneno matamu. Mwenye kuipokea huitupa kabla ya kumaliza mstari wa tatu. Barua njema ni fupi na haiwezi kupelekwa kwa mtu mwingine. Tuseme ni mchunguzi wa mikoko. Itakwenda, kwa lugha ya huyo aandikiwaye, karibu hivi:

"Profesa mpenzi, mimi ni mchunguzi wa mikoko kutoka Mombasa, na nitatoa tasnifu yangu mwezi wa Machi. Nimesoma makala yenu ya mwaka jana juu ya kaboni katika matope ya mikoko. Ninyi mlipima mahali ambapo maji ni safi. Mimi nilipima katika hori la Tudor, ambako maji machafu ya mji huingia, na hesabu zangu zaenda njia nyingine. Ningependa kulichunguza jambo hilo kwa mitambo mliyo nayo, ambayo hapa hatuna. Mfuko fulani wafungwa mwezi wa Septemba. Je, mtakubali kuwa wenyeji wangu? Naambatisha maelezo ya kazi zangu, makala mbili, na ukurasa mmoja wa mpango."

Basi. Tazameni yaliyomo: yeye ni nani, atakuwa tayari lini, amesoma kazi ya yule amwandikiaye, analo jambo ambalo yule hana, ataka nini, na fedha zitatoka wapi. Hakuna kulia umasikini. Profesa hatafuti mtu wa kumhurumia, atafuta mwenzake wa kazi. Asipojibu kwa majuma mawili, mwandikie tena mara moja kwa adabu. Asipojibu tena, nenda kwa mwingine. Mwenda bure si mkaa bure.

Barua hiyo yataka mali nyuma yake. Mali ya kwanza ni makala zilizochapishwa. Kijana asingoje kumaliza tasnifu ndipo aanze kuandika. Ya pili ni mashahidi watatu watakaoandika juu yake. Hao huchaguliwa mapema na huambiwa mapema. Shahidi mzuri si yule mwenye cheo kikubwa, ni yule aliyeiona kazi yako kwa macho yake na aweza kuisema kwa habari kamili. Mali ya tatu ni kuonekana. Mikutano ya wanasayansi huja Mombasa na Unguja pia. Kijana akikaa nyuma ya ukumbi na kunywa chai peke yake, amelipa nauli bure. Asimame, aulize swali, amfuate mtu nje, amwonyeshe hesabu zake.

Hapa twapenda kuwapa hesabu ili mtu asije akavunjika moyo. Katika posho za Marie Skłodowska-Curie za mwaka 2024 waliomba watu 10,360 na waliopata walikuwa 1,696, yaani kama mmoja katika sita. Mwaka 2025 waombaji wakaruka wakawa 17,058. Mtu aombaye mahali pamoja halafu akakataliwa na kusema "wametunyima kwa kuwa sisi ni Waafrika" hajafanya hesabu. Ubaguzi upo duniani, hatuukatai. Lakini watu watano katika sita walikataliwa, na Wazungu wengi wakiwamo. Aombe mahali pengi, ayasome maneno ya waamuzi, atengeneze mpango, arudi tena mwakani.

Sasa jambo la hatari. Mji huu unawajua mawakala. Tumewaona wakichukua fedha za dada zetu kwa ahadi ya kazi za Ghuba. Watu wa namna hiyo sasa huvaa tai na kujiita washauri wa nafasi za ng'ambo. Lishikeni neno hili: mifuko tuliyoitaja haitozi mwombaji ada ya fomu, na mwajiri wa kweli hakuombi utume fedha ili akuwekee nafasi. Mtu akikutaka pesa kabla ya mkataba, geuka uende zako. Na mkataba ukija, mwandikie katibu wa chuo kile kwa anwani uliyoitafuta wewe mwenyewe, si ile iliyo katika barua, uulize kama nafasi ipo kweli.

Tumefika kwenye mkataba, na hapa ndipo chama kinapohusika hasa. Kijana akipata nafasi hufurahi mpaka asahau kusoma. Wazazi nao hupika biriani. Sisi twasema: biriani lingoje jioni moja. Kwanza tuulize maswali haya.

Je, ni mshahara au ni posho? Haya si mamoja. Mwenye mshahara ni mfanya kazi kwa sheria ya nchi ile. Akiumwa au akistaafu ana haki zake. Mwenye posho huenda akahesabiwa kama mgeni au mwanafunzi, asiwe na akiba ya uzee wala fidia. Je, bima ya ugonjwa yamhusu yeye peke yake au na mke na watoto? Akiwa ni binti na akapata mimba, likizo ya uzazi ipo, na muda wa mkataba wasogezwa? Visa na nauli ni kwa gharama ya nani? Marekani, kwa mfano, mwezi wa Septemba 2025 Rais alitoa amri ya kutoza dola 100,000 kwa maombi mapya ya visa ya kazi iitwayo H-1B. Kwa hivyo ni lazima kuuliza mwajiri atatumia visa ya namna gani. Mwisho, vipimo na hesabu atakazozifanya ni za nani, na jina lake litaandikwa wapi katika makala? Mtu asikubali kuwa mkono wa kazi usio na jina.

Msidhani kuuliza hivyo ni utovu wa adabu. Huko California, mapostidoki wa chuo kikuu cha jimbo hilo waliingia katika chama cha UAW. Je, UAW ni nini? Ni chama cha wafanya kazi wa viwanda vya magari! Mwaka 2010 wakapata mkataba wao wa kwanza wa pamoja. Na tarehe 14 Novemba 2022 wafanya kazi wa elimu wa chuo hicho wapatao 48,000, mapostidoki wakiwamo, waligoma. Mwezi wa Desemba mapostidoki walipata mkataba wenye nyongeza ya mshahara na haki za wazazi. Mtu wa darubini na mtu wa spana walikuwa chama kimoja. Nasi hapa Kenya tunajua njia hiyo ni ndefu: chama cha wahadhiri kilipigwa marufuku mwaka 1980, kikakataliwa tena kuandikishwa katika miaka ya 1990, na kikaandikishwa mwaka 2003. Kijana atakayekwenda ng'ambo na aulize siku ya kwanza: chama cha wafanya kazi kiko wapi hapa?

Liko neno moja la ukweli ambalo haifai kulificha. Si kila daktari ahitaji postidoki. Injinia wa zege, wa umeme au wa mitambo atakaye kufanya kazi katika bandari, katika reli au katika kampuni, huenda miaka mitatu ya kujisajili na kujenga ikamfaa kuliko miaka mitatu ya maabara. Postidoki ni kwa yule atakaye kuchunguza maisha yake yote. Ajiulize kabla ya kuvuka maji, asije akaenda kwa kuwa jirani amekwenda.

Na kurudi je? Wazazi wengi huuliza hili kwa sauti ya chini. Tunajibu kwamba mtu hurudi mahali palipo na kazi ya kurudia. Katika maji ya Ngomeni ilizama meli ya Wareno, Santo António de Tanná, mwaka 1697. Kati ya mwaka 1977 na 1980 ilichimbuliwa, na wataalamu wengi walitoka ng'ambo pamoja na watu wa Makumbusho yetu. Hatuwalaumu, walifanya kazi njema. Lakini mikoko ya Tudor, matumbawe, zege la magati liliwalo na chumvi, nyumba za Mji wa Kale zinazopasuka kuta: yote haya yangoja wachunguzi, na wachunguzi tumewazaa. Kinachokosekana ni nafasi zenye mshahara.

Kwa hivyo Halmashauri yaleta mapendekezo manne mbele yenu, myajadili katika matawi yenu.

La kwanza: kila tawi liandike orodha ya watoto wa wanachama wenye udaktari au wanaoukaribia, elimu yao, na mwaka wa shahada, ili hesabu ya miaka isimpite mtu.

La pili: ofisi ifungue meza jioni moja kila juma, ambapo wale waliokwisha kwenda wasaidie wengine kusoma matangazo, barua na mikataba. Intaneti ya ofisi itumike kwa kazi hiyo.

La tatu: chama kisimdhamini wala kumtangaza wakala yeyote atozaye fedha za nafasi.

La nne: tunapokaa mezani na waajiri wakubwa wa mji huu, pamoja na mishahara na saa za kazi tuweke na sharti hili: waajiri watenge nafasi za wachunguzi vijana, kwa mkataba wa miaka miwili au mitatu, wenye mshahara kamili, bima na akiba ya uzee. Wakituambia hilo si jambo la chama, tutawajibu kwamba bandari haiendeshwi kwa mikono peke yake, na hao wenye elimu ni wana wetu.

Wazazi, msimwite mvivu kijana mwenye shahada ambaye bado hana kazi. Mkalishe chini mfanye naye hesabu ya miaka aliyobakiwa nayo. Vijana, msione haya kuja kwenye meza ya chama cha baba zenu. Majina yataanza kupokelewa leo baada ya mkutano, kwa katibu wa tawi.